Konje ya Marekani ya kulinda soda mwenye kuumia: kazi inachungwa, nyungu hapana

Huku Lubumbashi tunapendaka sana kutoa maoni: restora fulani bukari yake haiive, simu fulani betri inakufa mbele ya saa sita, ajensi fulani ya Kasumbalesa inapoteza mizigo. Leo nataka kupima kintu ya namna ingine, ile konje ya Marekani yenye inaruhusu mufanyakazi aache kazi kwa muda, aende kulinda ndugu yake soda mwenye kuumia, na akirudi akute kazi yake ikingali pale. Utasema ile ni sheria, haiko bidhaa ya duka. Sawa, lakini kwa mutu mwenye kuitumia ni serivisi tu: unaiomba kwa dirisha, unapewa mafomu, unangojea jibu, unailipa kwa njia yako, na kwa mwisho unajua kama ilikusaidia ao ilikuchokesha bure. Miye kazi yangu ni mu biro ya personel, ku kampuni moya ya sutretansi mu mambo ya mine, kila juma niko nasoma mademandi ya konje ya batu, ya ukweli na ya uongo, kwa hiyo kintu ya namna hii ikipita mbele yangu nagusa kila kona.

Mwenye aliitumia ni leki yangu mwanamuke. Iko Iowa tangu miaka mingi, anakata nyama mu usine moya kubwa kule, na mutoto yake wa kwanza aliingia mu jeshi ya Marekani na ile karata ya kuikala tu, hakukuwa hata raia bado (inaruhusiwa, batu bengi huku habajue). Haikukuwa mu vita, ilikuwa mu mazoezi, gari ya jeshi iligeuka na yeye ndani, mugongo na kichwa bikaguswa, bakamupeleka ku lopitalo kubwa ya basoda kule San Antonio, Texas. Sasa leki iko Iowa, mutoto iko Texas, ile ni safari ya ndege, haiko ya kupanda taksi unaenda kumuona mangaribi unarudi. Alikuwa anapiga simu akitoka kazi, kwetu ni usiku katikati, analia, anauliza nikiacha usine bakinifukuza nitakula nini na hawa batoto bengine. Njo miye nikaanza kusoma makaratasi yake moya moya, kwa mapicha ya WhatsApp yenye kukatwa kichwa, wakati SNEL inapenda kutuachia umeme.

Tuanze na namba juu njo pale kuliharibika kwa mara ya kwanza. Kule kuko sheria ya konje ya famili yenye Bill Clinton alitia sahihi mu 1993, inatoa majuma 12 mu mwaka: kwa kuzaa, kwa ugonjwa yako mwenyewe, kwa kulinda mutoto ao muzazi ao bibi ao bwana mwenye kugonjwa. Ile ya basoda ilikuja nyuma. Mu 2007 kulikuwa kelele mingi kule ju ya namna basoda benye kurudi na vidonda balikuwa banachungwa ku lopitalo ya Walter Reed, mu Washington, manyumba ya kuoza, makaratasi yenye haina mwisho. Bakaweka komisio, wakubwa yake walikuwa Bob Dole mwenye alikuwaka senateri, yeye mwenyewe aliumizwa mubaya mu Italia mu 1945, na Donna Shalala mwenye alikuwaka ministri ya afya wakati wa Clinton. Ile komisio ikaona bamama na babibi bengi beko banapoteza kazi juu ya kuikala pembeni ya kitanda, ikasema bapewe mpaka miezi sita. Mu Januari 2008 George W. Bush akatia sahihi, ikakuwa majuma 26. Nusu ya mwaka kamili. Kisha mu 2009 bakaongeza na basoda benye balishatoka mu jeshi, kama haijapita miaka mitano tangu batoke, ijapo kwa hawa sheria ilianza kutumika vizuri mu 2013.

Sasa leki alienda ku biro ya personel ya usine yao, akaeleza, yule mama wa dirisha akamwambia vizuri kabisa, na sura ya huruma, uko na majuma 12. Kumi na mbili! Akarudi nyumbani akafanya hesabu, akaona majuma 12 itaisha mutoto bado iko mu kiti ya magurudumu, akataka kuacha kazi mara moya ajue tu moya. Miye nikamwambia ngoja, usitie sahihi kitu. Wakampa fomu ya kawaida ya ugonjwa wa famili, haiko ile ya soda. Fomu ya soda iko na namba yake, WH-385, na ya yule mwenye alishatoka mu jeshi ni WH-385-V. Akarudi na ile namba kwa karatasi, bakatafuta mu mashini, bakaiona, bakaomba musamaha. Hawakumufanyia ubaya kwa kusudi, najua hii kazi, mutu anashuhulikia kila siku mambo ya mimba na mugongo, soda anapita kwake pengine mara moya mu miaka kumi. Lakini kwa serivisi, ile ni kosa kubwa: kama mwombaji hajue jina ya kintu anaomba, anapewa nusu yake na kusema aksanti.

Kisha pale mambo ilienda mbio kuliko nilivyofikiri. Patron iko na siku tano za kazi kwa kukujibu kama unastahili ao hapana, na balijibu mu ile muda. Sertifika ya munganga unapewa siku 15 kwa uchache kuirudisha. Na kuko kantu kadogo kenye kalinifurahisha sana: kama jeshi ilitoa karatasi ya kuita famili ku kitanda ya mugonjwa, ile ya safari, patron analazimishwa kuikubali ku mahali pa sertifika, hata kama jina yenye kuandikwa mule ni ya ndugu mwingine mu famili. Kwa mama mwenye kichwa yake haiko pale, kutokimbizana na munganga ju ya tampo, ile ni neema. Na kama munganga ni wa jeshi, patron haruhusiwe kutafuta munganga mwingine wa kubishana naye. Huku kwetu, ee, tunajua namna sertifika ya munganga inazungushwaka.

Lakini kintu yenye nilipenda kuliko yote ni ile ya nani anahesabiwa kuwa ndugu. Nilifikiri Bamarekani kwao famili ni baba mama batoto, basi. Kwa ile konje ya kawaida ni karibu vile. Kwa soda balipanua mulango. Baba, mama, bibi, bwana, mutoto wa miaka yoyote, hawa beko ndani bila kuuliza. Na mama si lazima awe mwenye kukuzaa: kama mama mudogo njo alikukomalisha, alikulisha, alikulipia masomo, anahesabiwa kuwa mama, sheria inatafuta nani alisimama mu nafasi ya muzazi. Nikifikiri batoto bangapi ba mu Katuba na Ruashi balikomea kwa tate ao kwa mama mukubwa, hii peke yake inastahili nyota.

Nje ya hawa kuko ndugu wa damu wa karibu, na hapa soda mwenyewe anaweza kuchagua. Anaandika karatasi, anatia sahihi: kwa mambo ya kunilinda, ndugu yangu wa damu wa karibu ni fulani. Anaweza kuwa kaka, tate, shangazi, mujomba, hata mutoto wa mujomba. Akimuchagua, yule tu njo anahesabiwa kwa ile nafasi. Asipochagua, bote ba kiwango moya, tuseme kaka na dada zake, kila mumoja iko na haki yake, banaweza kwenda pamoja ao kupokezana. Famili yetu ilifanya mukutano mu grupe ya WhatsApp mpaka asubui, kila mutu na maoni, baba mukubwa moya alitaka kuchagua kutoka huku Kampemba kama vile ni mambo ya mahari. Mutoto mwenyewe akakata: akaandika jina ya mutoto ya baba yake mukubwa, mwenye iko anatumika Texas palepale. Kwetu ule ni kaka yake tu, balikula sahani moya. Na ile haikugusa haki ya mama yake, mama anabaki mama. Kwa hiyo beko babili, kila mumoja na majuma yake 26 kwa patron yake, banapokezana. Hii njo namna tunafanyaka ku lopitalo huku, mumoja analala pale, mwingine anakuja na chakula, tofauti ni kwamba kule patron anapaswa kuikubali.

Shemeki na mukwe habako ndani. Mama ya bibi ya soda, hata kama njo anapikia bote, kwa sheria si ndugu. Hapo nilikasirika kidogo.

Sasa feza. Hapa njo nyota zinaanza kuanguka. Ile konje haina mushahara. Hata dola moya. Sheria inachunga kiti yako ku kazi, inalazimisha patron aendelee na asiransi yako ya matunzo kwa masharti ileile, lakini sehemu yako ya asiransi unaendelea kuilipa kutoka mufuko yenye haiingie kitu. Na kama uko na siku za konje ya kulipwa zenye ulikuwa umechunga, patron anaweza kukulazimisha uzitumie kwanza, na zinahesabiwa palepale ndani ya zile 26, haziongezeke juu. Leki alikuwa amechunga zake akitaka kuja Lubumbashi kwa matanga ya mwaka ya mama yetu. Zikaenda, na matanga tukafanya bila yeye.

Kuko misaada pembeni, lazima niseme ukweli. Majimbo fulani sawa California na New Jersey beko na asiransi yao yenye inalipa mutu sehemu ya mushahara wakati analinda ndugu mugonjwa, lakini Iowa haiko mule. Jeshi nayo iko na feza fulani kwa soda mwenye kuumia mubaya sana mwenye anahitaji mutu wa kumuvalisha na kumulisha, inapita kwa soda mwenyewe, si kwa mama. Kwa benye balishatoka mu jeshi na beko na ulemavu mukubwa, idara ya basoda ba zamani inalipa mulinzi wa nyumbani feza ya kila mwezi. Na kwa kulala, kuko zile manyumba za Fisher House pembeni ya malopitalo ya jeshi, famili inaikala bure, iko na kuisini, iko na vyumba safi, leki anasema kule alikutana na bamama ba kila namna na balikuwa banapikiana. Mama mwenye kusikia hii akifikiria gadimalade ba huku, benye kulala kwa mukeka mu kuluwari na kupika nje kwa makala, atafunga kinywa. Lakini zote hizi ni milango mbalimbali, kila moya na fomu yake, na haiko mu ile konje. Konje yenyewe inakuambia tu: enda, tutakungojea.

Matokeo yake tuliyaona huku huku. Ule leki njo alikuwa analipa minerval ya batoto babili ba kaka yetu na dawa ya tensio ya shangazi. Mwezi wa pili ya konje, Western Union ikanyamaza. Kisha tukafanya kintu yenye haikukuwa mu famili yetu: likelemba ya bandugu, kila mutu akatoa chenye anaweza, na feza ikapanda kutoka Lubumbashi kwenda Marekani. Yule agent wa kutuma feza aliniuliza mara mbili kama sikukosea upande. Haikukuwa mingi, ililipa sehemu ya asiransi na mafuta ya gari, lakini fikiri kidogo, mutu wa mu Katuba analipia sheria ya Washington sehemu yenye Washington haikulipa.

Kwa hiyo miye nikipima bei ya hii serivisi nasema ni ya bure kwa mutu mwenye iko na bwana ao bibi anaendelea kutumika, ama mwenye iko na akiba ya miezi, na ni ghali sana kwa mama peke yake na batoto batatu. Wote babili beko na haki ileile kwa karatasi.

Njo pale kuko siri ya pili yenye ilimusaidia: haulazimishwe kukula zile majuma 26 kwa mpigo. Kama matunzo inaomba, unaweza kuzikata vipande vipande. Leki alikula ya kwanza kwanza mufululizo, wakati wa maoperasio, kisha akarudi usine, akaanza kuchukua siku mbili tatu kwa wakati wa mazoezi ya mugongo na wa kubadilishana na yule kaka wa Texas. Mushahara unarudi kidogo, mutoto habaki peke yake. Ku personel hii ni maumivu ya kichwa, nakwambia miye mwenye kufanya pointage, kuhesabu masaa ya mutu mwenye anakuja na kuondoka ni kazi ya kushona kwa giza. Lakini kwa famili njo inaokoa.

Ila ile saa, iangalie vizuri. Miezi 12 inaanza ile siku ya kwanza unachukua konje, haiko Januari, haiko ile kalenda patron anatumiaka kwa konje zingine. Siku ya kwanza, tiki, inaanza. Chenye hautumie mbele ya miezi 12 kuisha kinakufa, haukibebe mwaka mwingine. Na zile majuma 12 za kawaida ziko ndani ya 26, hazijumlishwe juu: ukizaa katikati ya ule mwaka, unakata mulemule. Ukikuwa wewe na bwana yako munatumika kwa patron mumoja, mu hii konje ya soda munagawana 26 babili. Ni mutu kwa mutu na kidonda kwa kidonda, maana yake soda mwingine mu famili akiumia, ama uleule akipata kidonda kingine kipya, unaweza kupewa 26 zingine, lakini hauwezi kupita 26 mu ile miezi 12 moya. Kwa kidonda cha kichwa, chenye kinaweza kuvuta miaka, hii ni kipimo kifupi. Munganga anaongea ju ya miaka, sheria inaongea ju ya majuma. Hapa nakata nyota bila kusita.

Kurudi kazini. Sheria inasema unarudi pa kazi yako, ao pa ingine yenye kufanana: mushahara ileile, faida zileile, mahali palepale ao pa karibu, na kwa kawaida ekipi ileile. Leki alirudi bakamuweka usiku. Alikuwa wa asubui tangu zamani, juu ya batoto ba masomo. Shefu wa ekipi akamwambia mushahara ni ule ule, unalalamika nini. Huku tungemwambia nyamaza, shukuru Mungu kwa kazi. Miye nikamwambia andika, kwa heshima, karatasi moya, sema unaomba kurudishwa ku ekipi yako sawa sheria ya konje ya famili inavyosema, na kwamba kama haiwezekane utauliza idara ya mishahara na masaa ya ministeri ya kazi. Ile idara njo polisi ya hii sheria, unaweza kuisitakia bure, na mbele ya tribinali uko na miaka miwili, mitatu kama patron alifanya kwa kusudi. Hakufika hata kule. Ile karatasi ilikaa juma moya, akarudishwa asubui. Ndiyo, sheria iko na meno, lakini lazima mutu ajue kufungua kinywa yake.

Nani anabaki nje? Bengi, na bengi yao ni batu betu benye kufika jana. Lazima patron akuwe na bafanyakazi 50 ao zaidi mu umbali wa maili 75, karibu kilometa 120, kutoka pale unatumika. Lazima umefanya kwake miezi 12, na masaa 1250 mu mwaka ya mwisho, karibu masaa 24 kwa juma. Leki alipita juu usine ni kubwa na anakaa kule tangu zamani. Lakini yule mama mwingine wa Kolwezi kule kule Iowa, mwenye kusafisha manyumba kwa patron wa bafanyakazi kumi, soda wake akiumia kesho, hii konje haimujue. Na kijana mwenye kubadilisha usine kila miezi sita akifuata senti hamsini za juu, vile vile.

Sasa mutu ataniuliza, na sisi? Nakujibu kama mutu wa personel, sisemi politiki. Code ya kazi yetu, sheria 015 ya Oktoba 2002, iko na siku za mambo ya famili: bibi yako akizaa, siku mbili, ukioa, mbili, mutoto yako akioa, moya, bwana ao bibi ao muzazi ao mutoto akikufa, siku ine za kazi. Akiumia lakini akabaki muzima, hakuna mustari. Maiti iko na siku zake, mugonjwa hana. Soda mwenyewe, kama anaitwa mu jeshi, Code inasema kontra yake inasimama, haikufe, kwa hiyo soda alifikiriwa. Mama yake hapana. Basi mutu anakuja mu biro yangu, kijana yake aliumia kule Kivu, bamemushusha ku lopitalo ya jeshi mbali, anaomba siku. Miye nafungua kitabu naona konje yake ya mwaka, siku moya kwa kila mwezi alitumika, na kaongezo kadogo kama iko na miaka mitano. Ikiisha, tunaingia mu kuongea na shefu. Shefu muzuri, unaenda bila mushahara na unarudi. Shefu mubaya, unakuta jina ingine kwa lisiti. Nilishaona yote mbili kwa kampuni moya ku mwaka moya. Na hapo naongea ju ya bale benye kontra. Mama mwenye kuuzisha tomsoni ku soko ya Kenya hana patron wa kumufukuza wala wa kumungojea, akienda kulinda mutoto yake, meza yake inachukuliwa na mwingine mbele ya jua kuzama, hata sheria ya Marekani tukiileta huku nzima nzima, kwake haina mulango ya kuingilia.

Kwa hiyo sitaki mutu asome hii aseme Marekani paradizo. Lakini miye, kama delege mumoja wa bafanyakazi akiniuliza ni kipande gani cha ile sheria tuombe mbele mu konvansio koletivu ya kampuni, yale mapatano ya bafanyakazi na patron, sitasema majuma 26, patron atacheka mpaka atoke machozi. Nitasema bintu bibili: ile ya mugonjwa kuchagua kwa karatasi nani anamulinda, na ile ya kukata konje vipande vipande. Hii haina bei kubwa, inaomba tu mutu wa pointage mwenye akili. Hata juma mbili bila mushahara, lakini kwa karatasi, na kiti inachungwa, ingebadilisha mingi kuliko kuongea na shefu mu kuluwari.

Notes zangu sasa. Kulinda kazi: 9 juu ya 10, ile moja nilikata juu ya mambo ya ekipi ya usiku. Makaratasi: 7, yangekuwa 8 kama batu ba dirisha balikuwa banajua fomu yao. Nani ni ndugu: 8, mukwe anarudisha mbili. Muda: 6. Feza: 1, na ile 1 ni ya asiransi. Ukinibana nitoe namba moya nasema 6, lakini kwa nyumba yenye kuko mushahara ya pili nasema 8 bila kuogopa.

Kama uko na ndugu kule mwenye mutoto yake iko mu jeshi, mutumie hii leo, asingoje kuumia. Amwambie mutoto, kama hana bibi na bazazi beko mbali ao habako tena, aandike mbele jina ya ndugu wa damu mwenye anataka amulinde, atie sahihi, achunge kopi moya kwake na moya kwa yule ndugu. Aseme WH-385 kwa mudomo yake ku dirisha, hata kama habamuulize. Ahesabu miezi 12 kutoka siku ya kwanza na aandike tarehe kwa ukuta. Kila kintu yenye patron anamwambia kwa kinywa, aombe kwa karatasi ao kwa emaili. Na mbele ya kuanza konje, akae chini na famili aseme ni feza gani itasimama na kwa muda gani, minerval ya nani, dawa ya nani, juu sisi huku tulijifunza hiyo habari siku agent wa Western Union alituambia hakuna kitu kwa jina yetu.